Magome ya Kariokor

Watu huja Kariokor kwa sababu tatu. Kuna wa nyama choma, ambao saa saba mchana ikifika huwaoni wakitazama kulia wala kushoto. Kuna wa ngozi, wanaotafuta viatu vya wazi, mikanda na mikoba. Na kuna wa viondo: kina mama wa kununua kwa jumla, watalii, na siku hizi vijana waliogundua kwamba kiondo kinaenda na suti na kinaenda na jinzi. Unaweza kuzunguka soko hili miaka kumi ukidhani biashara hizi tatu zilikutana hapa kwa bahati tu, jinsi mambo ya Nairobi hukutana.

Mimi nadhani zina babu mmoja, na babu huyo ni gome la mti. Kamba ya kiondo cha zamani ilitolewa kwenye gome. Ngozi mbichi haikugeuka kuwa ngozi ya kiatu bila gome. Supu ya wenye kujua kula nyama ilichemshwa na gome ndani. Hata jina la mtaa wenyewe lilitoka kwenye vita ambavyo magome yalifanya kazi ya dawa. Kwa hivyo nataka kusimulia historia ya Kario kupitia kitu ambacho wengi wetu hatukioni, ingawa kila asubuhi tunakipita kwenye foleni tukielekea tauni.

Tuanze na mti wenyewe. Gome si kitu kimoja, ni tabaka mbili zenye kazi tofauti kabisa. Tabaka la nje ni kavu, limekufa, limejaa vyumba vidogo vyenye hewa. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha alichokiona alipoweka kipande chembamba cha gome la aina hii chini ya hadubini: vijumba vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Akaviita seli. Neno hilo ambalo kila mtoto wa Kenya hulikariri kwenye somo la bayolojia lilianzia kwenye gome.

Tabaka la ndani ni kinyume chake. Ni bichi, lina unyevu, lina nyuzi, na ndilo njia ya chakula. Majani hupika sukari, na sukari hiyo hushuka hadi mizizini kupitia gome la ndani. Maji nayo hupanda kupitia mbao. Katikati ya gome na mbao kuna utando mwembamba sana unaoitwa kambiamu, ambao hutengeneza mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Mti hunenepa hapo tu.

Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini mti uliochunwa gome mzunguko mzima hufa kwa namna ya ajabu. Haufi leo. Majani hubaki ya kijani kwa muda, kwa sababu maji bado yanapanda. Anayepita njiani anaona mti mzima, mzuri, wenye kivuli. Lakini chini, mizizi haipati tena chakula. Inakula akiba yake mpaka inaisha. Ukichuna upande mmoja tu, ukaacha upande wa pili, chakula kinapata njia ya kupita na mti una nafasi ya kupona. Tofauti kati ya kuchuna upande na kuchuna mzunguko ndiyo itakayotufuata mpaka mwisho wa hadithi hii.

Miti ya savana ina sababu ya ziada ya kujali gome. Savana huungua. Nyasi hukua wakati wa mvua, hukauka kiangazi, kisha moto hupita. Ni moto mkali lakini una haraka, mahali pamoja hukaa dakika chache tu. Kambiamu hufa ikifika joto la kama nyuzi 60, kwa hivyo swali la mti ni moja: moto utapita kabla joto halijafika ndani? Hapo unene wa gome ndio kila kitu. Gome likiwa nene mara mbili, muda ambao joto huchukua kulipenya huongezeka karibu mara nne. Ndiyo sababu miti ya msitu mnene, ambako moto ni mgeni, mara nyingi ina gome jembamba, ilhali miti ya nyika huvaa koti zito. Muhuti, ule mti wa maua mekundu ambao Wakamba huuita muvuti, una gome lenye mifereji mirefu, laini kama kizibo cha chupa. Mbuyu una gome nene, na chini ya ngozi yake ya kijivu kuna utando wa kijani unaoweza kutumia mwanga wa jua hata miezi ambayo mti hauna jani hata moja.

Moto si adui pekee. Ndovu hula magome, wadudu huyatoboa, kuvu huyaozesha. Kwa hivyo miti mingi ya nyika, hasa migunga, hujaza gome lake tanini, ile kemikali kali inayokausha ulimi ukitafuna gome au ukinywa chai ya rangi iliyokolea sana. Mti unaitengeneza ili usiliwe. Binadamu ameitafuta kwa sababu hiyo hiyo, maana kinachozuia kuoza kwenye mti huzuia kuoza kwenye ngozi ya ng'ombe.

Nairobi iko mahali ambapo hizi dunia mbili za magome hukutana. Upande wa Limuru na Kikuyu kulikuwa na msitu. Upande wa Athi ni nyika, ule udongo mweusi unaoganda kwenye viatu, na migunga mifupi yenye miiba. Eastlands yote imejengwa upande wa nyika. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, mji ulianza kupandwa juu ya nyasi.

*

Kabla ya reli, mizigo ya Afrika Mashariki ilienda kwa miguu. Kiswahili bado kina neno moja kutoka nyakati hizo ambalo vijana wengi hatulijui: kilindo. Ni sanduku la mviringo lililotengenezwa kwa gome la mti, lenye kifuniko, la kuwekea nguo, nafaka au vitu vya thamani. Likiwa kubwa linaitwa lindo. Katika misitu ya miombo ya Unyamwezi, pande za Tabora, gome lilitoa masanduku, mizinga ya nyuki na kamba. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa misafara ya karne ya 19 kati ya bara na pwani, na nchi yao ilikuwa nchi ya gome.

Upande wa Uganda, gome lilikuwa nguo. Baganda huchuna mti wa mutuba, hulipiga gome la ndani kwa nyundo za mbao mpaka likatanuka, likawa kitambaa laini cha rangi ya udongo. Wakishachuna, huufunga mti kwa majani ya mgomba kama mtu anavyofunga jeraha, na gome jipya huota. Mti mmoja unaweza kuvunwa hivyo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2005 UNESCO iliitambua kazi hiyo kama urithi wa binadamu wote. Lakini ilikuwa imeshapigwa vibaya karne nzima kabla ya hapo na kitambaa cha pamba kilichopitia Zanzibar kutoka Marekani. Watu wa pwani walikiita merikani, na jina likabaki.

Kwa hivyo mpagazi wa zamani alikuwa amezungukwa na magome, na alikuwa na kitu kingine ambacho wenzake wa baadaye walinyimwa. Mpagazi wa msafara aliajiriwa. Aliweza kugoma, aliweza kudai chakula kiongezwe, na ukimkosea sana alitua mzigo akaenda zake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, Agosti 1914, majeshi yalirudi kwenye kichwa na mgongo wa binadamu. Reli zilikuwa chache, barabara hazikuwepo, na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Waingereza wakaunda Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, chini ya Oscar Watkins, aliyekuwa afisa wa utawala. Mwanzoni waliita watu wa kujitolea. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwaruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mshahara ukashushwa. Mwaka 1917, vita vikiwa vimehamia kusini, ukapigwa msako mkubwa ulioongozwa na John Ainsworth. Machifu walipewa idadi. Katika wilaya nyingi, vijana wenye nguvu waliobaki walichukuliwa karibu wote.

Huo ulikuwa uchunaji wa mzunguko mzima. Awali walikuwa wamechuna upande. Mwaka ule hawakuacha hata utepe wa kupitisha chakula. Mashamba yalibaki kwa wanawake, wazee na watoto, kisha ukame na njaa vikafuata, na mwaka 1918 homa ya mafua ikamalizia.

Vita hivi vilipiganwa kwenye nchi ya magome. Kati ya Voi na Taveta, ambako vita vilianzia, kuna mbuyu ambao waongozaji wa watalii huuonyesha ukiwa na matundu ya risasi. Wanasimulia kwamba mwanamke mmoja wa Kijerumani alijificha ndani yake akidungua askari wa Waingereza. Sijui kama niuamini uhodari huo wote, ila matundu yapo, na mbuyu upo, umenenepa na kuendelea na maisha.

Upande wa Wajerumani, jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa amezibiwa bahari na hakuweza kupata dawa kutoka Ulaya. Bila kwinini, malaria ingemmalizia jeshi kabla ya Waingereza. Kwinini hutoka kwenye gome la mkwinini, mti wa Amerika Kusini ambao wataalamu wa Amani, juu ya milima ya Usambara, walikuwa wameupanda. Wakalitengeneza gome hilo kuwa dawa. Walipofukuzwa kaskazini, wakawa wanachemsha magome na kunywa maji yake machungu. Askari wakakiita kinywaji hicho pombe ya Lettow. Bandeji zilipoisha, wakafunga vidonda kwa gome la miti ya miombo. Jenerali huyo hakusalimu amri mpaka Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Vitabu vingi vimemsifu kwa werevu wake. Vichache vinakumbuka kwamba maarifa ya kutumia magome ya miombo yalikuwa ya wenyeji wa nchi hiyo.

Nao wapagazi, wa pande zote mbili, walikufa. Hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Watu waliozoea viazi, ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi ambao hawakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Takwimu rasmi za Waingereza zilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanaona idadi ya kweli ilikuwa kama mara mbili ya hiyo.

Kwetu Kitui kuna mmoja wa hao. Alikuwa kaka wa baba yake babu yangu. Habari yake yote, kama susu alivyotupa, ni maneno mawili: "Alienda Kariokoo." Sisi watoto tulidhani ni mji, mahali mtu anaweza kwenda akakaa, labda akaoa huko. Hatukujua kwamba ni Kiingereza kilichopita kwenye midomo ya watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kujifunza Kiingereza.

*

Carrier Corps ilikuwa na kambi yake hapa, kando ya mto Nairobi. Vita vilipoisha, kambi ikaisha, jina likabaki kwenye ardhi. Dar es Salaam ilitokea vivyo hivyo: wapagazi walikaa mahali ambapo leo ni Kariakoo, soko ambalo ukipotea simu yako haitakuokoa. Jirani wa Kariakoo, ng'ambo ya bonde la Jangwani, ni Magomeni. Lisome neno hilo polepole: penye magome. Nimekuwa nikifurahia ujirani huo tangu nilipougundua kwenye ramani.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilijenga nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika katika Kariokor. Zilikuwa kama mabweni, za wanaume waliotakiwa mjini kwa ajili ya mikono yao lakini si familia zao. Serikali ya kikoloni ilitaka mji wa Waafrika usiote mizizi. Watu wakaota mizizi tu. Wakaja wake, wakaja watoto, zikaja Ziwani, Starehe, Kaloleni, na Eastlands ikawa Eastlands.

Wakati huo huo, kilomita chache juu ya mji, gome lilikuwa linakuwa pesa. Mwaka 1903 walowezi walikuwa wameleta mti kutoka Australia, muwati, ambao Wakikuyu huuita muthanduku. Gome lake limejaa tanini, na viwanda vya ngozi vya Ulaya viliitaka kwa wingi. Muwati si mti wa savana, unapenda ubaridi wa juu. Lakini uliingia kwenye historia ya Waafrika kwa sababu rahisi: wakulima wa Kiafrika wa Mkoa wa Kati walikuwa wamezuiwa kulima kahawa, ila muwati waliruhusiwa. Ikifika miaka ya 1930, vilima vya Kiambu na Murang'a vilikuwa na miwati kila mahali. Familia ilipanda, ikangoja miaka kadhaa, ikakata mti, ikamenya gome na kulifunga mafungu. Wanawake wakayabeba mafungu hayo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpaka kwa mnunuzi. Viwanda vya kukamua tanini vikajengwa, Thika na baadaye Eldoret. Ada ya shule ya wazee wengi wa leo ililipwa kwa gome.

Tofauti ya muwati na miti mingine tuliyotaja ni kwamba huu ulikatwa mzima. Ulichunwa mzunguko kwa makusudi, kwa sababu ulipandwa ili ufe na mwingine uote. Hiyo ni hesabu ya haki: unachuna ulichopanda. Baada ya uhuru, chai na kahawa zikalipa zaidi, kemikali mpya zikaingia viwandani, na miwati ikageuka kuwa kuni na makaa. Siku hizi viwanda vingi hulainisha ngozi kwa chumvi ya kromu, kazi inayochukua muda mfupi kuliko majuma ambayo tanini ya magome ilihitaji.

Niliwahi kumuuliza fundi mmoja sokoni, mzee anayeshona mikanda, kama bado anapata ngozi ya magome. Akanipa vipande viwili. "Nusa hii," akasema. Ya kwanza haikuwa na harufu ya maana. Ya pili ilinukia mti, kama kuni zilizolowa mvua. "Hiyo ndiyo ya dawa ya mti. Inakuja mara moja moja. Hii ukiifanya mshipi, mtoto wako ataurithi." Nikamuuliza bei. Akacheka kwanza, na nikajua.

*

Turudi kwa viondo. Kiondo, au kyondo kwa Kikamba, ni kikapu cha wanawake wa Ukambani na wa Kikuyu, na zamani uzi wake ulitoka kwenye gome la ndani. Wakikuyu walitumia kichaka kinachoitwa mugiyo. Wakamba walikuwa na mbuyu. Ukipita Kibwezi au Kitui, angalia mibuyu mikubwa sehemu ya chini ya shina. Utaona makovu mapana, kama mtu aliyevuliwa shati. Hapo ndipo gome lilipochunwa. Miti mingi ingekufa kwa kuchunwa hivyo. Mbuyu hupona, kwa sababu hata sehemu yake ya ndani, ambayo kwa miti mingine ni mbao ngumu, imejaa seli hai zinazoweza kutengeneza gome jipya. Makovu yale ni rekodi. Kila moja linasema mwanamke fulani alisimama hapa, akachukua kiasi, akaondoka, na mti ukaendelea kuishi baada yake.

Susu alikuwa akisokota uzi juu ya paja, huku akizungumza, bila kutazama mikono. Kiondo kimoja kingeweza kumchukua majuma. Kilipokwisha hakikuwa na mshono, kilikuwa duara moja kutoka kitako hadi mdomo. Kisha mkonge ulikuja. Ulikuwa umeletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mwanzoni mwa karne ya 20 mashamba yake yakafika Kenya. Uzi wa mkonge hutoka kwenye jani, si kwenye gome, na ni rahisi kuupata kwa wingi. Viondo vingi unavyoviona Kariokor leo ni vya mkonge au sufu ya dukani. Sina neno baya juu ya mkonge. Lakini mwanamke aliyechuna mbuyu hakuhitaji kununua uzi kwa mtu yeyote, na huyu wa leo anaanza kazi akiwa tayari na deni.

Kariokor ndipo kiondo hupata mikono mingine. Kina mama huvisuka vijijini, Machakos, Kitui, Murang'a, vikaletwa hapa, na mafundi wa ngozi huvitia mikanda, vifuniko na vitasa. Angalia kiondo cha zamani kilichomalizwa vizuri: mwili wake ni gome la mbuyu, mkanda wake ni ngozi iliyotiwa gome. Mti wa nyika unatoa uzi, mti wa kilimani unatoa tanini, na vinakutana kwenye mtaa ulioitwa kwa jina la watu waliobeba.

Nao upande wa nyama wana gome lao. Wamaasai huchemsha gome na mizizi ya olkiloriti, aina moja ya mgunga, kwenye supu ya nyama. Wanasema inasaga mafuta na kumpa mtu nguvu. Wanasayansi waliopima mitishamba hiyo wameona kuna vitu ndani yake vinavyoweza kupunguza madhara ya mafuta mwilini. Wasee wa nyama wa Nairobi wanaotia mitishamba kwenye supu wamerithi mila hiyo, hata kama hawajui jina la mti.

Dawa ndipo penye hatari sasa. Ukienda Waiyaki Way utapita kituo kinachoitwa Muthiga. Muthiga ni mti, gome lake lina ukali wa pilipili, na watu hulitafuna kwa kikohozi na maumivu ya tumbo. Una ndugu yake wa mlimani kwa matumizi, mwiria. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipewa hataza ya dawa ya tezi dume iliyotokana na gome la mwiria. Kutoka hapo, gome ambalo waganga wa Afrika walikuwa wakilichuna kidogo kidogo likaanza kusafirishwa kwa tani kutoka Kamerun, Madagaska na hapa Kenya. Miti ilichunwa mzunguko au ikakatwa kabisa ili matawi ya juu nayo yachunwe. Mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Kanuni waliyoipendekeza wataalamu ilikuwa hii: chuna robo ya mzunguko upande huu, robo upande unaoelekeana nao, acha zilizobaki, kisha ngoja miaka.

Robo upande huu, robo upande ule. Mganga yeyote wa kijijini angekuambia hivyo bure.

*

Rafiki zangu huniuliza kwa nini nashikilia mambo ya miti wakati Eastlands ina shida zake, maji hayaji, kodi imepanda. Nawajibu kwamba ni shida ile ile. Kila biashara niliyoitaja ilifika mahali pa kuchagua: kuchukua kiasi, au kuchukua mpaka mwisho. Waliochukua kiasi walikuwa watu waliotarajia kurudi kwenye mti ule ule mwaka ujao. Waliochukua mpaka mwisho walikuwa watu wa kupita, waliojua kwamba hasara itabaki kwa wengine.

Vita vya wapagazi vilikuwa vya watu wa kupita. Baada ya vita, mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa ilibaki bila mwenyewe, kwa sababu majina na jamaa zao hazikupatikana. Maafisa kadhaa, Watkins na Ainsworth wakiwemo, waliomba pesa hizo zitumike kwa faida ya Waafrika. London ikakataa. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba, mmoja wao mpagazi, na maandishi yanayoahidi kwamba watoto watakumbuka jina la aliyekufa. Hakuna jina hata moja limeandikwa pale. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti na kukiri kwamba angalau watu 116,000 wa vita vile, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Miaka zaidi ya mia moja imepita.

Kwa hivyo kuna kazi ambayo haihitaji bajeti. Nairobi imejaa wajukuu na vitukuu wa wapagazi: Wakamba, Waluo, Wakikuyu, Waluhya, Wameru, watu wa Pwani. Wengi wetu tuna mzee mmoja nyumbani ambaye bado analijua neno "Kariokoo" kwa maana yake ya kwanza. Muulize. Usiulize mambo makubwa ya vita, hatayajua. Uliza jina la aliyeenda, la baba yake, na mto au kilima alikotoka. Liandike mahali ambapo simu ikiibwa halitapotea.

Mimi nimeshapata moja. Huyo wetu wa Kitui alikuwa na jina, na mama yake alikuwa msusi. Jina lake nimeliacha nje ya insha hii kwa sababu ni la familia, na familia bado inajadiliana kuhusu jiwe: liwekwe wapi, na nani alipie.